Kulu Alitaka Kujua Mwisho

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Tasalla Garba anakaa mkekani, uani kwake katika mtaa wa Dandago, mjini Kano, Nigeria. Daftari la shule liko magotini, kalamu mkononi. Anasoma sentensi ya mwisho aliyoiandika, ambayo imekatikia njiani. Anaisoma tena. Kisha anafunika kalamu na kwenda kuwasha moto wa uji.

Leo ni siku ya arobaini na moja hajaandika hata neno.

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili ana vitabu kumi na kimoja vya mapenzi sokoni, vile vyembamba ambavyo wanawake wa Kano huazimana mpaka jalada linatoka. Kila kimoja huchapwa nakala elfu mbili. Mchapaji na muuzaji wakishachukua chao, kinachobaki hakinunui magunia mawili ya mchele.

"Watu hudhani nina pesa," anasema. "Pesa gani? Ningekuwa nazo, ungenikuta nachota maji kisimani?"

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Hadithi ikishika kasi, maneno yakimjia hata mkono ushindwe kuyafuata, ndipo alipoacha, palepale, katikati ya sentensi. Kesho yake aliikuta bado ina moto. Na yajayo hakumwambia mtu, kwani aliamini akiyasema kwa mdomo, mkono hautayataka tena.

Aliyeteseka na utaratibu huo ni Kulu, mke mwenzake. Bi mkubwa huyo hakujua kusoma. Kila asubuhi alikaanga bajia za kunde huku bi mdogo akimsomea alichoandika.

"Majirani walisubiri tung'oane nywele," Tasalla anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Ugomvi wetu ulikuwa huu tu. Nikifunga daftari, ananinyooshea mwiko. 'We mchawi! Unaniachaje hapo? Si useme tu kama Zulai anaolewa na yule mhunzi?' Namjibu, 'Kesho, bi mkubwa.' Ananiambia, 'Hiyo kesho yako ina roho mbaya kama wewe!'"

Zulai ni binti wa kitabu cha kumi na mbili, hicho kilichokwama.

Jumatano moja Kulu aliamka na homa kali. Tasalla alimsomea kitandani, na alipofika mahali pake pa kuachia, akafunga daftari kama kawaida. Mgonjwa akamshika mkono. Safari hii hakutania.

"Akasema, 'Niambie leo, mdogo wangu.' Nikamjibu, 'Pona kwanza.' Wallahi, nilidhani namtamanisha kupona."

Kulu alifariki kabla ya alasiri, akazikwa jioni ileile.

Mume wao, Mzee Garba, mshona kofia, hamlaumu mtu. "Homa ni homa. Ila nyumba imepoa, mwanangu. Mimi nilizoea kuamshwa na kelele zao."

Muuza vitabu ameshapiga simu mara nne. Ya mwisho alimshauri Tasalla aandike mwisho wowote ule, wasomaji hawatajua. Tangu siku hiyo hapokei tena.

"Unajua kinachoniuma?" anauliza, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Siku ile hata mimi nilikuwa siujui huo mwisho. Sikuwa nao! Lakini ningemtungia papo hapo. Ningemwambia Zulai kaolewa na mhunzi, wamezaa mapacha, basi. Si ndiyo kazi yangu? Nawatungia watu nisiowajua, yeye nikamnyima."

Anasema kesho atakaa tena mkekani. Anataka kukimaliza kitabu kabla ya Ramadhani, na sasa hataki kuacha sentensi njiani. Akianza sura hatainuka mpaka iishe, hata kama uji utaungua.

Binti pekee wa Kulu, aliyeolewa mjini Zaria, ameomba aje akisome kitakapokamilika. Tasalla amemkubalia aje, ila daftari hatampa.

"Nitamsomea mwenyewe, mpaka mwisho," anasema. "Hata akisinzia, nitaendelea kusoma."