Mguu Wenye Sukari

Juzi, huko Kabuku, mhudumu wa afya wa kijiji alimbonyeza mzee mmoja mwenye kisukari unyayo, akamuuliza kama anasikia. Mzee alipotikisa kichwa kwamba hasikii, mhudumu alisema waende hospitali siku ile ile. Papo hapo nikasikia tena uvundo wa mguu wa bibi.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja bibi alifungua kitambaa mguuni, kikabanduka na ngozi. Mguu ulinuka kama panya aliyeozea darini, na nzi wakauvamia. Nilijua bibi ana sukari, basi nikaamini nzi wanafuata utamu. Hata chai ya sukari nikaikataa.

Mama alimuuliza, "Kidonda kinauma?"

"Hata! Sisikii kitu, mwanangu."

"Alhamdulillahi, kinapona!"

Jioni tukachinja kuku kwa furaha, nami nikala huku harufu ile imenikaa kooni.