Macho ya Mlango wa Pastory

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila nikisikia harufu ya nyasi mbichi, hata nikiwa katikati ya kupalilia maharage. Nilikuwa bado na nguvu za kubeba mkungu wa ndizi kichwani bila kupumzika njiani. Tulikuwa Nyaishozi kwa kaka yangu Pastory, tukisubiri wageni waliokuwa wanakuja kumposa mdogo wetu wa mwisho.

Pastory alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, ndiyo kwanza amejenga nyumba yenye gereji ambayo mlango wake ulishuka wenyewe kwa kubonyeza rimoti. Wageni wangekaa humo. Shangazi, dada wa marehemu baba yetu, akatuagiza tutandike nyasi laini sakafuni, ndiyo desturi yetu mgeni wa heshima anapokuja. Tukatandika mpaka kizingitini. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba, nami nilijiona kama naota nikiwa macho.

Manyunyu yakaanza. Pastory akabonyeza rimoti ili nyasi zisilowe. Mlango ukashuka kidogo, ukasita, ukarudi juu huku taa yake ikipepesa. Akabonyeza tena, ukarudi tena.

"Pastory, mlango wako umelewa rubisi!" dada zangu wakamcheka.

Yeye hakucheka. Alituonyesha pembeni mwa mlango, huku na huku, chini karibu na usawa wa kifundo cha mguu: macho mawili madogo yanayotazamana. Jicho moja hutuma mwali ambao mimi na wewe hatuuoni, la pili huupokea. Mlango ukiwa unashuka, kitu kikiukata mwali huo, mlango hauulizi ni nini. Husimama na kurudi juu. Nyasi zetu ndizo zilizoukata. Basi nikalala kifudifudi, mtu mzima mimi, nikiutafuta huo mwali. Sikuona kitu, ila nilifurahi mno kujua kwamba upo, unapita kimya mbele ya pua yangu.

Pastory akaja na bisibisi. "Nayang'oa haya macho, nayafunga juu darini yatazamane huko. Mlango utashuka bila maswali."

Shangazi alikuwa amekulia kwenye ng'ombe. Akaketi kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Zizini kwetu hatukusukuma magogo ya lango kabla ya kupapasa chini, maana ndama hulala popote. Wewe una mlango unaopapasa wenyewe, halafu unataka kuukata mkono?"

"Shangazi, wageni wako njiani."

"Watatukuta. Hasira hasara, baba. Nipe ufagio."

Akazisogeza nyasi nyuma kidogo, akayafuta yale macho kwa upindo wa kanga. Taa ikaacha kupepesa, na mlango ukashuka hadi chini.

Wageni walipoondoka, jua limetoka, Pastory alisimama uani akiongea na simu, akabonyeza rimoti bila kutazama. Mwanawe Alinda, aliyekuwa ameanza kutambaa, alikuwa akifuata kifaranga. Mimi nilikuwa mbali na sufuria mikononi. Mlango ulikuwa umeshashuka zaidi ya nusu mtoto alipotia mkono kizingitini. Ukasita, ukarudi juu taratibu, kama mtu anayempisha mkubwa wake. Pastory alimnyanyua Alinda, akakaa naye palepale kwenye nyasi, akalia mbele yetu sote. Shangazi hakumsema. Alimletea maji ya kunywa.

Basi mwanangu, kitu kilichowekwa kukulinda kikikuchelewesha, usikifumbe macho. Inama kwanza utazame nini kimekiziba. Mara nyingi ni vumbi tu, utando wa buibui, au nyasi tulizotandika wenyewe kwa nia njema. Futa, sogeza, kisha upitishe ufagio mlango ukiwa unashuka, uone kama utarudi. Usiporudi, usiutumie mpaka fundi aje. Na hata macho yake yakiwa mazima, tazama kwa yako pia. Tahadhari kabla ya hatari. Majuto ni mjukuu.

Mungu akujalie nyumba isiyokosa wageni, na watoto wanaotambaa popote wapendapo, na kila kizito kinachowashukia kisite, kirudi juu.