Daktari Aliyetufundisha Kukimbia kwa Kuimba

Nilipokuwa na miaka tisa, sauti niliyoichukia kuliko zote ilikuwa ya miguu inayokimbia. Milio ya risasi tulikuwa tumeizoea; ilitoka vilimani juu ya Kiriri, nasi huku chini, mtaani kwetu Buyenzi, tukaendelea kumenya mihogo. Lakini ndala zikianza kupiga vumbi barabarani, mafundi waliacha magari wazi, maduka yakafungwa, na mama akanivuta ndani kwa mkono mmoja huku wa pili ukishindilia komeo. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Mtu mmoja akikimbia, mtaa mzima ulikimbia. Baba aliuawa akitoka kazini mwanzoni mwa vita, na tangu tulipomzika, mama hakuvuka lango la ua wetu. Sokoni nilikwenda mimi, maji nikachota mimi.

Jirani yetu Daktari Hadija alikuwa binti wa fundi wa magari. Alisomea udaktari, na badala ya kujitafutia nyumba Kiriri pamoja na wakubwa, alirudi kuishi nasi, akashinda akitia klorini visimani, akipima watoto uzito na watu wazima presha. Presha ya mama ilimtisha. Asubuhi moja alimvua mama ule ukanda wa kipimo, akasema mbele yangu bila kulainisha neno:

"Mama Zawadi, dawa peke yake haitoshe. Utembeye kila siku, kama sivyo huyu mutoto utamuacha yatima."

"Mi sitoki, dokta. Inje kuko vita."

"Presha haiogopaka vita. Itakufata mpaka mu chumba."

Nilimchukia kwa neno lile la yatima, kwa sababu nililiamini.

Jumapili iliyofuata Dokta alivaa suruali chini ya kitenge na raba za turubai, akawatoa wagonjwa wake saba wa presha na sukari, akaanza kukimbia nao kuelekea sokoni. Msomi mzima hakufikiria jambo ambalo kila mtoto wa Buyenzi alilijua. Wauza ndagala walipoona watu wazima wanane wanakuja mbio, walitupa mabeseni ya samaki wao wakatimua. Soko zima likawafuata. Dokta aliwakimbilia ili awatulize, na kadiri alivyowakimbilia ndivyo walivyozidi kumkimbia. Leo nacheka. Siku ile mama hakufungua komeo hadi adhuhuri, na wazee wa mtaa walikwenda kumwambia Dokta aache upuuzi wake, tena mwanamke mwenye suruali. Aliwasikiliza hadi mwisho, akaomba radhi kwa samaki waliokanyagwa, kisha akawaarifu kwamba Jumapili ijayo watakimbia tena.

Wakakimbia, ila safari hii waliimba. Waliimba nyimbo za harusi, kwa makofi na kwa sauti zao zote. Nani anayekimbia risasi huku akimsifu bibi harusi? Soko liligeuka, likatazama, likabaki mahali pake, na muuza ndagala mmoja akapiga vigelegele. Jumapili ya tatu walipita mbele ya lango letu. Dokta akawa anarukaruka palepale, akaniita nije: "Zawadi, kuya!" Mama alinishika gauni kwa nyuma. Nikamgeukia nikasema: "Mama, sitaki kuwa yatima." Mkono wake haukuniachia. Tulitoka langoni hivyohivyo, mimi mbele, yeye nyuma, pekupeku, gauni langu likiwa limekunjamana kiganjani mwake. Alitembea hadi kwenye kona, akilia na kuimba wimbo walioimbiwa yeye na baba.

Sasa mimi ndiye daktari wa afya ya jamii, na klorini ndiyo harufu ya nguo zangu. Vijana hukimbia kwa raha kando ya ziwa kuelekea Kajaga, visikilizi masikioni, kila mmoja na muziki wake. Wana mwendo mzuri kuliko wetu, na sina ugomvi nao. Lakini Jumapili nikiwatoa wagonjwa wangu tunaimba, na anayetaka kutucheka atucheke. Vita vilitaka tuiogope hata miguu yetu wenyewe, na mimi sitavipa heshima hiyo, si leo wala kesho. Mama, ambaye presha ilikuwa imfuate hadi chumbani, siku hizi hutangulia mbele yetu sote na fimbo yake, akigeuka kila baada ya hatua chache kutugombeza kwamba tunaimba kivivu.