Mpira Uliongoja kwenye Sayari ya Tisa

Dobi huyu watu walimwita Mstari, maana suruali ikipita mikononi mwake mstari wake ulisimama wiki nzima, hata mwenyewe aikalie vipi. Miaka thelathini alisimama nyuma ya meza ile ile yenye blanketi lililoungua pembeni, akinyunyiza maji kwa vidole, akianza na kola, kisha mabega, kisha mikono. Alikuwa mtu wa kunyoosha. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni yeye na kaka yake.

Kaka yake, fundi seremala, aliishi nusu saa kwa miguu kutoka dukani, na walikuwa na miaka tisa hawasemeshani. Siku mama yao alipokata roho, Mstari alikuwa akimalizia mashuka ya hoteli. Aliitwa, akasema bado kidogo, na hiyo bado kidogo ikawa jioni. Kaka mtu alimpokea mlangoni mbele ya watu: "Mama amekufa akiuliza uko wapi, na wewe unanyoosha mashuka ya watu!" Maneno yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalimchoma. Tangu hapo mdogo hakwenda kuamkia, na mkubwa hakwenda kuamkiwa. Kwa haki, kuamkia ni kazi ya mdogo. Mstari alilijua hilo vizuri, ujeuri tu. Hata wateja walishazoea kwamba mbele yake seremala hatajwi.

Aliyewaunganisha, kama huko ni kuungana, ni binti wa kaka mtu, muuza miwani, msichana asiyejua kununa. Aliwawekea wote wawili mchezo kwenye simu. Ni gofu, ila uwanja wake ni anga. Mpira mweupe umekaa juu ya kisayari, bendera iko kwenye kisayari kingine huko mbali, na katikati yamejaa masayari makubwa yanayouvuta mpira na kuupindisha njia. Unarudisha kidole nyuma, unaachia, unamwomba Mungu. Ukishapiga mara moja unangoja mwenzako naye apige, hata kama ni kesho yake. Asiyepiga kwa siku nne, mechi inafutika.

Wazee wale walinasa. Salamu hawakupeana, lakini kila asubuhi, kabla ya kuchomeka pasi, Mstari alitazama kaka yake amepiga vipi. Seremala alipiga kama anavyopigilia msumari, kwa nguvu na moja kwa moja, sayari na ziseme zitakalo. Mara nyingine mpira wake ulipotelea gizani, na Mstari akacheka peke yake mpaka wateja wakamshangaa.

Mwaka ule wa tisa Mstari alijiwekea nadhiri. Mechi hii, ya mashimo tisa, akishinda kwa haki atavaa shati safi aende kumwamkia kaka yake. Mshindi akienda, nani atasema amekwenda kujipendekeza? Nadhiri ya kitoto, ndiyo, lakini kiburi cha mtu mzima hakishuki bila ngazi.

Walipofika shimo la sita, mkono wa kaka ukabadilika. Mipira ikaja laini, ikienda upande, ikifia njiani. La saba vilevile, na la nane vilevile. Mstari akapandwa na mori. Walipokuwa watoto, kaka yake alikuwa akijiangusha makusudi kwenye mbio ili mdogo ashinde asilie, na mdogo akigundua alilia zaidi.

"Ananihurumia," aliiambia pasi yake, maana hapakuwa na mwingine. "Ushindi wa kupewa siutaki mimi."

Shimo la tisa, mpira wake ukiwa karibu kabisa na bendera, akailaza simu kifudifudi juu ya rafu. Akaapa hapigi, mpaka kaka ajue kwamba amemtambua. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya nne, mchana, muuza miwani aliingia dukani na shati jeupe mkononi. Hakuketi.

"Baba mdogo, naomba ulipige pasi hili. Ni la baba."

Mstari alitaka kuuliza tangu lini seremala anakumbuka kuna dobi hapa, lakini akayaona macho ya mtoto.

"Ni la kumvalisha kesho," alisema. "Amefariki alfajiri."

Mstari aliisimamisha pasi polepole.

"Alikuwa anaumwa?"

"Kiharusi. Miezi miwili sasa. Mkono wa kulia ulikufa kabisa. Akatukataza tusikwambie, akasema ukija uje mwenyewe, usiitwe na ugonjwa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ule mchezo alicheza kwa kidole gumba cha kushoto. Akikosa anakasirika, anasema mdogo wake atamcheka. Siku hizi tatu hakuiachia simu. Kila akiamka anauliza, 'Kapiga?' Nikisema bado, anasema, 'Ana kazi nyingi. Atapiga.'"

Mara ya pili katika maisha yake mtu wa damu yake alikufa akimuulizia, na yeye yuko nyuma ya meza ile ile. Mstari alilia kwa sauti, mzee mzima, na mtoto akaja akamshika bega.

Alipoweza kusimama vizuri, alilipiga shati pasi. Kola, mabega, mikono. Matundu ya vifungo yalikuwa yamelegea kwa kuvutwavutwa na mkono mmoja. Kwenye mkono wa kulia alikaa sana.

Kisha akaichukua simu. Zilibaki saa mbili mechi ifutike. Akarudisha kidole kidogo tu, akaachia. Mpira ukajiviringisha, ukazunguka ukingo wa shimo, ukaingia. Maandishi yakatokea kwamba ameshinda. Na ilikuwa kwa haki, maana kaka yake alipiga kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Akavaa shati safi, kama alivyojiahidi. Akatembea ile nusu saa, shati la kaka yake limelala juu ya mikono yake miwili lisipate kunyanzi, binti akimfuata nyuma. Waliokuwa mlangoni wakampisha. Aliingia chumbani, akalitundika shati, akainama karibu na sikio la kaka yake.

"Shikamoo, kaka."

Kisha akangoja, maana zamu haikuwa yake.