Raundi Niliyoikimbia kwa Miguu

Nichekeni tu, mie nshazoea, nusu ya Mpendae wananiita Bwana Raundi na watoto nikipita wananguruma kama gari. Lakini mnacheka kwa sababu mmesikia kipande tu, na leo nausema mkasa wote, pamoja na aibu yangu, kisha kila mtu aende kwao.

Nlikuwa nshapeleka posa kwa kina Rukia, jibu bado, na wa kusema ndiyo au hapana ni mama yake, Bi Zuhura, mjane mwenye goti bovu na jicho kali. Nikaona bora nimtembeze kidogo, ajue mkwe anayemjia ni mtu wa namna gani (na akajua kweli, lahaula!). Rukia akaniambia mama yake anapenda gari kuliko harusi, basi Jumapili moja baada ya alasiri nikawachukua wote wawili kwenye mbio za mikweche, kule njia ya Kidichi.

Kama hamjafika, pale ni shimo. Zamani yalikuwa machimbo ya mawe ya kujengea, mpaka siku ukuta wa jabali ulipoporomoka ukafukia lori na dereva wake, na hakuna aliyeweza kumtoa, yumo mpaka leo. Machimbo yakafa. Baadaye vijana wa teksi wakaanza kufukuzana humo chini na gari zao kuukuu, wakang'oa vioo, wakachomelea milango, wakapanga matairi upande wa ndani wa njia, na sasa kuna tiketi, kuna urojo na mishkaki, wazungu wanakuja toka Paje, na ukitaka unavishwa helmeti unakaa ubavuni mwa dereva unazungushwa mpaka ule urojo ukutoke. Ila raundi ya kwanza haendeshi mtu, anaachiwa yule aliyefukiwa. Gari zote zinazimwa, ubani unafukizwa langoni, na mtangazaji anasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, hii ya mwenyewe. Asitie mtu mguu njiani." Watu wanakaa kimya kadiri ya gari moja kuzunguka, kisha ndo mbio zinaanza.

Sasa siku hiyo, ubani ushawashwa, jua likawa linampiga Bi Zuhura usoni. Ng'ambo ya njia, katikati ya kiwanja, kulikuwa na banda lenye kivuli na viti vitupu, na mie mpenda sifa nikaona nafasi yangu ndiyo hii, kabla watu hawajaviwahi.

"Mama, twende pale kivulini mara moja."

"Si wamesema tusivuke?"

"Hayo ya kuwatisha wageni, Mama. Mie nipo."

(Mie nipo! Laiti ulimi ungenikatika.) Rukia akabaki na mikoba. Bi Zuhura akatazama njia kulia na kushoto, akanipa mkono mwenyewe, kwa sababu ya goti, tukashuka.

Tulipofika kati nikahisi ardhi inatetemeka chini ya makubadhi. Halafu nikaisikia. Gari nzito, inakuja toka kushoto kwetu, inabadilisha gia kwa taabu kama iliyojaa mawe. Nikageuka: njia tupu, nyeupe. Mikweche yote imezimwa, madereva wamekaa juu ya boneti wanatutazama sisi. Na bado inakuja, na harufu ya chokaa mbichi ikanijia puani, na joto la injini, wallahi, joto la injini likanigusa ubavuni.

Nikaunyofoa mkono wangu nikakimbia.

Mwanya wa kuingilia bandani ulikuwa hapo hapo mbele yangu, sikuuona. Nikafuata njia. Nje jabali, ndani matairi yamefika kifuani, na mie katikati, kanzu nimeibana kwa meno, kofia ishaanguka, kubadhi moja limebaki nyuma, Ayatul Kursi naianzia katikati, na kila nikipiga kona naapa nayo inapiga kona nyuma yangu. Watu wakapasuka kwa vicheko, simu zikanyanyuliwa, mzungu mmoja akanipigia makofi, na mtangazaji badala ya kunihurumia akaanza kunitangaza: "Huyooo, anaingia kona ya pili!" Mara akanyamaza, na watu wote wakanyamaza. Walikuwa hawanitazami tena mie. Wamegeukia kule nilikoanzia.

Nilipomaliza raundi nikamkuta Bi Zuhura kasimama pale pale nlipomwacha, mkono bado kaunyoosha kidogo, na buibui lake upande mmoja limekuwa jeupe kwa vumbi, kama mtu aliyefungiwa breki karibu. Upepo haukuwapo hata wa kutikisa jani.

Rukia alishateremka mbio kumshika. "Mama! Vipi, Mama?"

"Ilisimama," akasema taratibu. "Imefika hapa, ikasimama. Mwenyewe akanipungia mkono nipite. Lakini goti lilishakufa, mwanangu, na sikuwa na wa kunishika."

Basi mie raundi nzima nlikuwa nakimbizwa na nini? Sikuuliza, wala hakuna aliyecheka tena. Mbio za siku ile hazikuanza. Madereva walisukuma mikweche yao kwa mikono mpaka nje ya lango, hata mmoja hakuthubutu kuwasha.

Tukarudi mjini Rukia hanitazami. Mlangoni kwao nikaomba radhi, nikasema, Mama, nilipagawa, mtu yeyote angelikimbia.

"Kukimbia si neno, baba," Bi Zuhura akanijibu, wala hakuwa na hasira. "Hata mie ningeliweza ningelikimbia. Lakini ningelikuvuta na weye."

Jibu la posa lililetwa kwa adabu zote na mjomba wao, akanywa na chai, na mie sikumuuliza sababu. Kule shimoni siendi tena, hata mnilipie tiketi. Na siku hizi nikivuka barabara na mama yangu mzazi namshika mkono mpaka ananigombeza kuwa namuumiza, na bado simwachii.