Kilichobaki Chupani

Mjukuu wangu akiacha maziwa chupani, nayamwaga kabla mama yake hajageuka. Wananicheka. Bibi na kumwaga, wanasema, utadhani analipwa. Nawaacha wacheke, maana kuwaeleza ni kuanza kesi ambayo mshtakiwa wake ni mimi.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Mtwara, miaka ile ya foleni na vikaratasi vya balozi wa nyumba kumi. Mume wangu alikuwa karani bandarini, mimi mwalimu wa shule ya msingi, wote wageni kutoka bara, tumepanga vyumba viwili mtaa wa Chuno. Mtoto alipofikisha miezi miwili titi langu la kushoto likaota jipu, na kabla halijapona la kulia nalo likakauka. Majirani walikuwa na maelezo yao ya chini chini, kwamba wazazi hawakuvumilia, wamerudiana mapema, wamembemenda mtoto. Kliniki walikuwa na maelezo mafupi zaidi: maziwa ya kopo.

Nesi wa kliniki alikuwa mwanamke mnene mwenye saa iliyoning'inia kifuani, na hakuwa na mzaha. Aliniandikia kwenye kadi: vijiko vinne, maji yaliyochemka mpaka mstari wa nne wa chupa. Kisha akaninyooshea kidole.

"Akibakiza, mwaga. Usimwekee, usiongezee mengine juu yake. Mate ya mtoto yakishaingia humo, maziwa yanaharibika. Umenisikia, Mwalimu?"

Nilisikia. Kadi ikisema vijiko vinne, kwangu ni vinne. Ndivyo nilivyo, na wanafunzi wangu wa zamani watakuambia. Lakini mwanangu hakuisoma kadi. Alinyonya mpaka mstari wa pili, akaachia chuchu, akalala. Kila mara.

Siku ya kwanza niliyamwaga mabaki kwenye shina la mpapai, nikasikia yowe nyuma yangu. Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amekuja wiki hiyo kutoka kwao, upande wa Dodoma, kulea mjukuu: treni mpaka Dar es Salaam, kisha meli, safari nzima kakumbatia kibuyu chake cha maziwa kinachonukia moshi. Kwao ni wafugaji. Kwao anayemwaga maziwa ardhini anaita kifo zizini, na sisi hatukuwa hata na kuku.

"Unamwaga maziwa, mwanangu? Chini?"

"Nesi kasema, Mama."

"Huyo nesi kakamua ng'ombe wangapi?"

Tulibishana siku mbili, kwa adabu, ambayo inachosha kuliko matusi. Mwishowe tukaafikiana. Mabaki yataingia kwenye kibuyu, yataganda, yeye atatowelea ugali wake. Mtoto hatayaonja. Na kweli hakumpa hata tone. Chupa yenyewe hakuigusa, alisema mpira wa ile chuchu unanuka tairi. Yeye alibeba, akaogesha, akabembeleza. Kunywesha ilikuwa kazi yangu, alfajiri kabla ya kwenda shule, mapumziko ya saa nne, na nikirudi mchana. Shule ilikuwa karibu, nilikimbia.

Kisha mvua zikakata barabara na meli haikuja. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi na viberiti, na muuzaji aliyekaa akitazama rafu zake kana kwamba naye amekuja kununua. Kopo letu lilikuwa la mwisho. Kijiko kilianza kugonga bati.

Sijui kama naweza kueleza nilivyobanwa. Kadi imesema vinne, kopo linasema viwili. Nikipunguza, nilijiona namnyima mtoto chakula alichoandikiwa na wataalamu. Nikimwaga, namwaga siku zake. Nikiyatia kibuyuni, anakula mtu mzima mwenye meno. Jirani yangu, mama mmoja wa Kimakonde ambaye wanawe sita walikua kwa uji, alinitazama nikigeuza kopo juani nione kilichobaki.

"Mwalimu, mpe uji huyo ntoto," akasema. "Kadi hailiwi."

Nilimwona mshamba. Nilikuwa na cheti cha ualimu ukutani.

Nikaanza kuficha chupa. Mabaki ya alfajiri niliyaweka yakiwa chupani ndani ya ndoo ya maji, nyuma ya mtungi, chumbani kwetu, nikijidanganya kwamba yatabaki ya baridi. Mtwara, baridi! Saa nne nikaongezea kijiko kimoja juu yake, nikatikisa, nikampa. Mabaki ya saa nne yakangoja mchana. Kopo likashuka polepole, na nikajisifu kwa hesabu zangu.

Mama mkwe hakuona chupa, aliona kibuyu. Siku ya tatu au ya nne alikitikisa sikioni.

"Mtoto siku hizi anamaliza," akasema. "Mungu mkubwa."

"Anamaliza, Mama," nikajibu.

Wiki ilipopita mtoto akaanza kuhara. Kufikia siku ya pili macho yalikuwa yamezama, utosi umebonyea, na kilio chake kilikuwa chembamba, hakitoki nje ya chumba. Tulikwenda kliniki mimi, mume wangu, na mama mkwe aliyembeba. Nesi alibana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akaanza kumnywesha maji ya sukari na chumvi kwa kijiko, na huku mkono ukiendelea akauliza, "Maziwa anayobakiza mnayafanyaje?"

Mama mkwe akajibu kabla yangu, kwa moyo safi. "Tunayatia kwenye kibuyu."

Nesi alisimamisha kijiko. "Kibuyu! Bibi, unataka kuua mjukuu?"

"Hajaonja hata siku moja. Ni yangu mimi."

Nesi akanigeukia. Mume wangu akanigeukia. "Mwalimu, ni kweli?" nesi akauliza.

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Nilimtazama mtoto, nikaitazama ile saa kifuani, nikaona watakavyonitazama maisha yangu yote.

"Mimi asubuhi nakuwa shuleni," nikasema.

Ilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wake.

Mtoto alilazwa siku nne, akapona. Kliniki wakanipa nusu kopo katika akiba yao, na nesi akanifundisha kile ambacho mtoto wa darasa la kwanza angegundua: changanya vijiko viwili, akitaka zaidi ongeza. Nyumbani mume wangu, ambaye hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mama yake, alimwambia akiwa ametazama chini kwamba meli ikija atamkatia tiketi. Kisha akaniambia mimi, "Kile kibuyu katupe."

Nilikipeleka kwenye shimo la taka nikakigonga na jiwe. Kilipasuka vipande viwili. Ndani kilikuwa kikavu, kina utando mweupe uliobanduka, bila tone. Niligeuka nikamkuta mama mkwe amesimama pale kwenye mpapai. Alivitazama vile vipande, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Na meli haikuja. Wiki mbili na siku kadhaa tuliishi naye katika vyumba viwili, mvua ikipiga bati. Hakumgusa tena mtoto. Mtoto akilia alinyanyuka nusu, akakumbuka, akakaa. Aliniitikia kila nilichomsemesha, akala nilichopakua, akashukuru. Niliomba kila siku meli ije, kwa ajili ya maziwa, nilisema, na niliona aibu hata kuomba. Mara kumi nilifungua mdomo nimwambie mume wangu. Mara kumi nikamuuliza kama anataka chai.

Meli ilikuja mchana mmoja wa jua. Ilileta makopo, ikamchukua yeye. Pale bandarini mume wangu alitangulia na sanduku, na sisi tukabaki kivulini.

"Naomba nimshike," akasema. Aliniomba, mjukuu wake mwenyewe.

Nikampa. Alimnusa kichwani muda mrefu.

"Kibuyu kilikuwa kikavu wiki nzima," akasema, hakunitazama. "Hata kule kliniki nilikijua kikavu."

"Kwa nini hukusema, Mama?" Nilikuwa nalia.

"Ningesema, mume wako angemfukuza nani? Mtoto anaweza kukua bila bibi." Akanirudishia mtoto, akamfunika miguu. "Changanya kidogo. Akitaka, utaongeza."

Hakurudi tena Mtwara. Alifariki kabla mtoto hajaanza shule, na msibani wanawake wa ukoo walinieleza, kwa kunihurumia, kwamba nilikuwa na subira sana na yule mama wa vibuyu.

Siku ile tulipokuwa tukirudi kutoka bandarini mume wangu aliniuliza mama yake alikuwa ananiambia nini pale kivulini.

"Kasema nichanganye kidogo," nikamjibu.

Hiyo nayo ilikuwa kweli.