Ndizi Kavu za Mwijage

“Mwingereza kaondoka, lakini mguu huu hauondoki. Siku ukisimama, jueni migomba imekauka Buhaya nzima.” Hivyo Mwijage aliwatangazia watu wa Ijumbi siku ya Uhuru, akiwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, maji ya ndizi yakimfika vifundoni.

Migomba haikukauka. Mguu ndio uliosimama. Mwaka wa operesheni ya vijiji alikwama mlangoni pake mwenyewe kama mbuzi anayeburutwa mnadani, mkono wa kulia ukitetemeka na baridi hakuna. Wambeya walisema lubisi, ile pombe ya ndizi, imemlipa mshahara wake. Daktari wa misheni alisema ubongo umepungukiwa na kitu kinachoamrisha misuli, akampa vidonge vipya. Haukupita muda Mwijage akatembea mwenyewe hadi kanisani, wambeya wakakosa kazi.

Halafu dawa ikaanza kugoma. Mkewe, Ephrasia, aliamini dawa kali inataka tumbo lililoshiba, basi kila kidonge alikisindikiza kwa sahani ya ndizi na maharage. Dawa ilivyozidi kushindwa, ndivyo maharage yalivyozidi kupakuliwa. Nesi Celina wa misheni ndiye aliyegundua.

“Mzee, maharage na dawa vinagombania mlango mmoja. Maharage uyale usiku tu.”

“Mchana ndizi kavu? Hata jela hawamfanyii mtu hivyo.”

Alinung'unika, lakini alitii, na mguu ukarudi kazini.

Jumamosi moja wakwe walikuja kutoka Nshambya kumposa binti yake, Adventina. Habari za ugonjwa hawakuambiwa. Nani anaoa kwenye nyumba inayotetemeka? Mwijage alimeza kidonge, akaomba Mungu mkono utulie mpaka waondoke.

Chakula kikaja, wageni wakangoja. Mwenye nyumba huonja kwanza, wajue hakuna sumu. Mwijage alimega ndizi, akayakwepa maharage. Akamega tena, akayazunguka. Byabato, baba wa kijana, akaurudisha mkono wake.

“Mkwe, maharage yako yana nini?”

“Hayana kitu, waitu.”

“Basi yaonje.”

Akila, mkono utaanza kucheza mbele yao hata kahawa ya kutafuna haijaletwa. Asipokula, kesho Nshambya nzima itajua Mwijage alitaka kuwaua wakwe. Ephrasia, pale mlangoni, alikuwa ameisokota kanga yake hadi ikawa kamba.

“Naumwa,” Mwijage alisema. “Ni ubongo. Mguu unakwama, mkono unatetemeka. Vidonge ninavyo, ila maharage yanavizuia. Niliwaficha.”

Byabato alivuta sahani ya Mwijage, akayala yale maharage taratibu, tonge kwa tonge, na mwenye nyumba akayahesabu kama mtu anayesomewa hukumu.

“Ndugu yangu wa Bumbire,” alisema mwishowe, “mguu ulimkwama akishuka ziwani. Tukamwita mlevi, na pombe hajawahi kuigusa. Harusi ipo, mkwe. Hivyo vidonge ni bei gani, nimpelekee naye?”

Kichupa kimoja kilikuwa shilingi themanini, bei ya mbuzi.